Ulimi wa Bi Daksha

"Bi Daksha, hicho kipaji chako ulizaliwa nacho, au kuna mtu alikupa?"

Nilimuuliza hivyo jikoni kwetu, Kilburn, Landani, Ramadhani ya mwaka elfu mbili, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili magharibi iingie, na yeye alikuwa na kijiko mdomoni. Mama alisimama upande wa pili wa jiko na upawa mkononi, akimtazama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Alimeza, akafumba jicho moja, akamwambia Mama, "Kunde zimekaa. Tambi sukari imezidi, lakini hizo zishajifia, kesho upunguze." Kisha akanigeukia. "Na wewe, maswali na chumvi havionjwi pamoja. Nipe ndara zangu."

Nilimpa ndara zake. Swali langu likakaa miaka mitano.

Lilikuwa limetokana na barua, na barua yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya Bharti, tuliyekaa naye dawati moja. Shule yetu ilikuwa imetengeneza orodha ya watoto wenye uwezo wa kuzaliwa nao, na kila aliyeandikwa alipewa barua ya wazazi. Bharti aliandikwa kwa hesabu. Mimi niliiomba barua yake nikae nayo mpaka kesho, kama mtu anavyoomba ajaribu pete ya mwenzake.

Nyumbani nilimtafsiria Mama, nikafika kwenye lile neno la Kiingereza, "gifted", kama kusema aliyepewa zawadi, nikakwama. Anti Restuta, jirani yetu wa chini, alikuwepo, amekuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi.

"Hiyo ni karama," Mama akaanza, kisha akajikatalia mwenyewe. "Hapana. Karama ni ya mawalii. Mtoto wa miaka kumi na mmoja atakuwa na karama gani, labda afufue paka."

"Sisi kanisani tunasema talanta," Anti Restuta akasema. "Na ukiifukia, mwenyewe anarudi kukuuliza umeifanyia nini."

"Basi hiyo siitaki," nikasema.

"Sema kipaji," Mama akakata shauri, akajigonga katikati ya paji la uso. "Kila mtu Mungu kamwandikia chake hapa."

Nilikwenda bafuni kujitazama kwenye kioo. Palikuwa na chunusi mbili na kovu la tetekuwanga.

Niliporudi Mama alikuwa bado anaeleza. Neno hilo, alisema, halitumiki ovyo. Mtu akikesha na vitabu akafaulu hatusemi ana kipaji, tunasema ana bidii, na tunasema kwa huruma kidogo. Kipaji ni cha yule anayefanya kitu bila kutoka jasho, na sisi wenye jasho tukakaa pembeni kumtazama.

"Kama nani?"

"Kama Bi Daksha," Mama akasema, na hapo hapo mlango ukagongwa, maana saa ya kuonja ilikuwa imefika.

Jengo letu liko juu ya duka la simu. Ghorofa ya kwanza upande wa mbele anakaa Anti Restuta, mtu wa Bukoba, anayewatunza wazee wa Kiingereza. Upande wa nyuma ni Bwana Shiraz wa Mombasa, aliyefiwa na mke, mwenye duka la miwani. Sisi, watu wa Unguja, tuko ya pili. Juu kabisa, baada ya ngazi hamsini na nne, ni Bi Daksha, Mhindu wa mtaa wa Kiponda, aliyeondoka Unguja mwaka wa sitini na nne baada ya Mapinduzi, akaishi Dar, akaja Landani na mume na mtoto mmoja. Mume alishafariki. Mtoto, Praful, ni mtu mzima mwenye upara, anakaa mji wa Leicester.

Sasa, anayepika futari amefunga, na aliyefunga haonji. Masheikh wanaruhusu kugusisha ncha ya ulimi na kutema, lakini Mama husema yeye ulimi wake ukigusa mchuzi wa nazi saa tisa ya mchana hautarudi ndani peke yake. Kwa hiyo anatafutwa jirani asiyefunga. Kule Kiponda jirani huyo alikuwa mama yake Bi Daksha. Saa kumi na moja madirisha yanafunguliwa, Waislamu wanamwita, na yeye anazunguka nyumba kwa nyumba na kijiko chake. Bi Daksha aliirithi kazi hiyo, akaivusha bahari, akaiteremsha ngazi hamsini na nne za Kilburn.

Alikuwa na taratibu zake. Kijiko cha chuma, kimefungwa kwenye kitambaa cheupe, ambacho hakijawahi kugusa nyama. Kunde, mbaazi, muhogo wa nazi na uji anaonja. Supu ya mbuzi anainusa tu, na pua yake haikuwahi kukosea. Kabla ya chungu cha pili anatafuna kipande cha mkate mkavu. Na hasifii. Anasema "imekaa", au "bado". Ikiwa chumvi imezidi anasema "tia kiazi", na mpishi anajua aibu yake ni ya viazi vingapi.

Mwaka mmoja alikwenda Leicester siku tatu, Anti Restuta akashika nafasi. Kila chungu alisema, "Tamu." Mbaazi za Bwana Shiraz, tamu sana. Jioni ile Bwana Shiraz alikunywa jagi zima la maji, na sisi muhogo wetu ulikuwa chapwa kama sabuni. "Restuta kalelewa vizuri," Mama alisema. "Ndiyo shida yake."

Kilichonishangaza mimi ni kwamba Bi Daksha alifanya kazi kwenye kiwanda cha biskuti miaka ishirini na saba. Nilidhani alikuwa muonjaji mkuu. Nilimuuliza.

"Nilikuwa nafunga maboksi," akasema.

"Hawakujua kama una ulimi?"

"Hawakuuliza. Waliuliza kama nina mikono."

Tangu siku ya ile barua nilianza kukitafuta kipaji changu kwa bidii, jambo ambalo kwa maelezo ya Mama tayari lilikuwa dalili mbaya. Nilijaribu filimbi, jirani wa duka la simu akapanda kuuliza kama kuna mtu anaumwa. Nilijaribu kuchora, mwalimu akamsifu farasi wangu, nami nilikuwa nimemchora Baba. Mwisho nikaona kwamba kipaji kilichokuwa karibu nami ni kile cha Bi Daksha, na kwamba pengine kinaambukiza. Nikapanga vikombe saba vya maji mezani, kila kimoja na chumvi zaidi kidogo, nikavionja nimefumba macho ili niupe ulimi mafunzo. Kufikia kikombe cha tano nilikuwa natapika kwenye sinki.

"Angalau umejua kwamba ni chumvi," Baba alisema.

Nilipofika miaka kumi na miwili nikaanza kufunga mwezi mzima, na hapo Mama akapata cha kusema mbele za watu. Mimi sikulalamika, sikulala kitini, sikuulizauliza saa. "Watoto wa wenzangu wana vipaji vya hesabu," aliwaambia kwenye simu watu wa Unguja, Dubai na Toronto. "Wangu ana kipaji cha kufunga. Hata kiu haoni."

Kweli sikuona kiu. Mwaka wa kwanza nilifunga kwa haki kuanzia Jumatatu mpaka Jumatano. Alhamisi nikashuka kituo kimoja kabla ya chetu, nikaingia duka la kona, nikanunua krispi, vile viazi vya pakiti, vya chumvi na siki, nikazila nyuma ya kibanda cha basi nimeipa barabara mgongo. Nyumbani nikatia udhu, nikasukutua mara tisa badala ya tatu. Mama akanisifu kwa usafi. Ikawa ndiyo desturi yangu. Sina la kujitetea. Naweza kusema tu kwamba uongo ulikuwa mdogo na sifa zilikuwa kubwa, na kila siku nilipotaka kusema kweli, simu ilikuwa iko Toronto.

Mwaka wa elfu mbili na tatu, mwezi wa tisa, Bi Daksha aliugua homa ya mafua ikamlaza wiki mbili. Alipopata nafuu nilipanda kumtengenezea chai. Nikakosea makopo. Kwake chumvi na sukari viko kwenye makopo mawili ya maziwa yanayofanana kama pacha, naye peke yake ndiye ajuaye lipi ni lipi. Nilitia vijiko vitatu. Nilipoionja ya kwangu niliitema kwenye kikombe, nikageuka kumzuia, na yeye alikuwa amekwisha kunywa nusu.

"Chai nzuri," alisema.

Nilisimama pale. Nadhani mdomo wangu ulikuwa wazi. Alinitazama, akakitazama kikombe, akakiweka chini taratibu.

"Chumvi?"

"Vijiko vitatu."

Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma namba ya basi, kwamba tangu homa ile haoni ladha wala hasikii harufu. Daktari alimwambia huenda itarudi, huenda isirudi.

"Usimwambie mtu," akasema. "Hasa Praful."

Praful alikuwa na chumba kimoja amekipaka rangi tayari, Leicester. Kila Jumapili alimuuliza mama yake kwa simu, unafanya nini peke yako juu ya ngazi zote hizo, na kila Jumapili mama yake alimjibu kwamba ana kazi, Ramadhani inakuja, watu wanamhitaji. Ilikuwa hoja yake moja tu, na kwa miaka sita Praful hakupata la kuijibu. Leicester kuna hekalu, kuna wajukuu, kuna lifti. Lakini hakuna mtu anayemfungulia mlango na kumwambia, Bi Daksha, karibu, tunakusubiri wewe.

"Nikisema sina ulimi," akaniambia, "nitagongaje mlango wa mtu saa kumi? Nitasema nimekuja kufanya nini?"

Ndipo mimi, kwa hekima yote ya miaka kumi na minne, nikasema, "Nitaonja mimi."

"Wewe umefunga."

Nikamwambia habari za krispi. Alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa, na hakushtuka hata kidogo, jambo ambalo lilinivunja moyo, maana nilijiona mkosaji mkubwa.

Ramadhani iliingia mwishoni mwa mwezi wa kumi. Mpango wetu ulikuwa hivi. Mimi nilijipa cheo cha kumbebea kijiko. Tukifika jikoni, yeye anamwomba mpishi amletee mkate mkavu. Mpishi akigeuka, mimi nachota, naonja, nafuta. Nikivuta mtandio wangu mara moja, imekaa. Nikivuta mara mbili, bado. Kisha yeye anatia kijiko kitupu mdomoni, anafumba jicho moja, anatoa hukumu.

Siku ya kwanza nilivuta mara mbili kwa Mama na mara mbili kwa Bwana Shiraz. Siku ya pili vilevile. Nilijisikia fahari, nikaona nina ulimi mkali kuliko wapishi wote wa jengo. Iliniingia akilini tu baadaye, palipokuwa hapana faida tena, kwamba mtu aliyetoka kula pakiti ya chumvi na siki nusu saa iliyopita, kila kitu duniani kwake ni chapwa.

La ajabu ni kwamba hakuna aliyelalamika. Mama alisema mwaka huu kufunga kuna kiu, labda ni hizi hita za gesi. Baba alilaumu maji ya Landani. Bwana Shiraz alikwenda kupima presha. Aliamini kwamba ulimi wake umepata maradhi kabla hajaamini kwamba Bi Daksha amekosea.

Jumamosi ya wiki ya pili Mama aliita jengo zima kwetu kwa futari. Praful naye alikuja kutoka Leicester, na maboksi matupu manne kwenye gari. Bi Daksha mwenyewe alimwita. "Njoo uone kwa macho yako kama sina kazi," alimwambia. Kwangu alisema neno moja tu, ngazini: "Leo uonje vizuri."

Nilikuwa na hofu. Mimi nikiwa na hofu nakula. Siku ile nilikula pakiti mbili.

Vyungu vilikuwa vitano: kunde, mbaazi, muhogo, ndizi mbichi za nazi, na uji wa pilipili manga. Praful alisimama mlangoni mwa jikoni amefunga mikono kifuani. Mama akageuka kutafuta mkate. Nilivuta mtandio mpaka ukanitoka kichwani.

"Bado," Bi Daksha akasema. "Bado. Bado. Na hii, bado."

Mama alitia chumvi kama anavyoambiwa. Uliponea uji tu, maana haukuwa na chumvi.

Magharibi iliingia saa kumi na nusu kasoro kidogo. Tende, maji, bismillahi. Mama akatia kijiko cha kunde mdomoni na mkono wake ukabaki hewani. Baba akajimiminia maji, akamimina mengine. Bwana Shiraz, ambaye kwa madhehebu yake hufungua dakika chache baada yetu, alikaa na sahani mbele yake akitutazama sote mmoja mmoja, kama mtu aliye kwenye foleni ya kung'olewa jino. Zamu yake ilipofika alionja mbaazi, akafumba macho.

"Nashukuru Mungu," akasema. "Kumbe presha yangu nzima."

"Tamu sana," akasema Anti Restuta, machozi yakimlenga.

Praful aliweka kijiko chini akamtazama mama yake. Sote tukamtazama. Bi Daksha alikuwa anakula. Alikuwa anakula muhogo kwa utulivu, tonge baada ya tonge, na alipoona mkono wangu uko karibu na bakuli akasema, "Niongeze kidogo, mwanangu."

Hakuna aliyesogea. Yeye akainua macho, akaona sahani zetu zimejaa, akafahamu. Praful akamwambia kitu kwa Kigujarati, kwa upole. Sikijui Kigujarati, lakini swali la "tangu lini" linajulikana kwa lugha yoyote. Bi Daksha alichukua kijiko chake cha chuma, akakifuta, akaanza kukifunga kwenye kitambaa.

Nilitaka kukaa kimya. Naandika hapa ili isionekane nilikuwa shujaa. Nilihesabu kichwani kwamba nikinyamaza, lawama itaishia kwenye ulimi wa mtu mgonjwa, na hakuna anayemgombeza mgonjwa. Lakini niliona anavyokifunga kile kijiko, ncha juu ya ncha, kama kitu kisichofunguliwa tena.

"Si yeye," nikasema. "Mimi ndiye niliyeonja."

"Wewe uonje vipi," Mama akauliza, "nawe umefunga?"

Hapo ndipo niliposikia hita ya gesi inavyounguruma. Nilitia mkono mfukoni kutafuta jibu, nikatoa pakiti mbili za krispi, tupu.

Mama alizipokea. Alisoma maandishi yake mbele na nyuma. "Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Mwaka juzi," akasema. "Na Toronto nzima inajua."

Anti Restuta ndiye aliyeanza kucheka, kisha Baba, kisha Bwana Shiraz mpaka miwani ikamtoka. Mama hakucheka. Bi Daksha na Praful hawakucheka pia. Walipanda juu mapema, na Praful alipofika mlangoni alisema kwa Kiswahili chake cha utotoni, cha Dar, "Asante kwa futari. Kesho nitafunga vitu vya Mama."

Kesho yake saa tisa Mama alinipeleka juu kuomba radhi. Maboksi matatu yalikuwa yamejaa. Niliomba radhi, Bi Daksha akaniambia nimshikie gundi. Tulikuwa kwenye boksi la nne, yale makopo mawili yanayofanana yakiwa mkononi mwa Praful, tuliposikia sauti kutoka chini, sauti ileile ya kila siku ya Bwana Shiraz, anayemwita dada kwa Kigujarati.

"Daksha ben. Mbaazi."

Bi Daksha alitoka akasimama juu ya ngazi. "Shiraz bhai, umesahau? Ulimi umekufa."

"Nilikuwepo jana. Mbaazi zinashika chini."

"Nitakuonjea na nini?"

"Sijui mimi. Kazi yako hiyo." Akageuka kurudi kwenye chungu. "Na yule wa krispi mwambie aje, ashike kijiko."

Alimtazama Praful. Praful alitazama makopo. Kisha Bi Daksha akavaa ndara, akateremka, mimi nyuma yake, na alipopita mlango wa Anti Restuta akaugonga.

"Restuta, njoo na mdomo wako."

Jikoni kwa Bwana Shiraz alimpa Anti Restuta mbaazi kidogo, akasimama mbele yake karibu sana, akimtazama shingoni.

"Tam..." Anti Restuta akaanza.

"Nyamaza. Meza tu."

Anti Restuta akameza.

"Bado chumvi," akasema Bi Daksha. "Shiraz bhai, tui ulitia kabla ya chumvi au baada?"

"Kabla. Umejuaje?"

"Kameza kama maji. Kitu kikikaa, mtu hukizuia kidogo hapa." Akamgusa Anti Restuta kooni. "Mdomo wake muongo huyu, lakini koo lake mkweli."

Bwana Shiraz alitia chumvi. Anti Restuta akameza tena, safari hii polepole, na kabla hajasema neno tamu Bi Daksha alikwisha sema, "Imekaa." Nilitazama nyuma nikamwona Praful kwenye ngazi, boksi la nne mikononi, hajui alipandishe au alishushe. Siku iliyofuata aliondoka na gari tupu na chupa mbili za achari ya ndimu. Chumba chake cha Leicester, nasikia, sasa kina baiskeli ya mazoezi.

Ramadhani mbili zimepita hivyo. Ladha haijarudi. Anti Restuta anameza, Bi Daksha anatazama, na watu wanasema ana kipaji cha ajabu, anaonja kwa macho. Mimi nashika kijiko, ambacho hakina kazi tena. Siku zangu nilizokula nililazimishwa kuzilipa, nikazilipa mwezi wa kwanza na wa pili, mchana ukiwa mfupi na baridi kali, kwa hiyo hata adhabu yangu haikuwa na ushujaa.

Mwaka huu nina miaka kumi na sita, na chuo cha kidato cha sita kimenipa fomu. Kuna mstari mmoja unaouliza nina vipaji gani. Mstari ni mrefu kweli. Nilikaa nao siku tatu, nikaandika "kubeba kijiko", nikafuta, kisha nikapanda zile ngazi na fomu yangu, nikamkuta Bi Daksha anapanga kijiko chake tayari kwa saa ya kuonja. Nikamuuliza tena lile swali, kwa maneno yaleyale.

Safari hii alikaa.

"Nilikuwa na miaka tisa," akasema. "Mama yangu kaumwa, kanituma mimi na kijiko. Njiani nikapita kwa wenzangu, wanakula birimbi kwa chumvi. Unazijua birimbi?"

"Vile vitunda vikali kama ndimu."

"Nikala kumi, labda kumi na tano. Chumvi mpaka viwikoni. Halafu nikaenda kuonja nyumba saba, na nyumba zote saba nikasema bado. Kiponda nzima ilikunywa maji mpaka daku."

Nilimtazama. "Bi Daksha. Miaka miwili unanitazama na aibu yangu, hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeendelea kula krispi."

"Na wao walikufanya nini?"

Alikuwa amekwisha kuvaa ndara. Chini, Bwana Shiraz alikuwa ameanza kuita.

"Kesho yake saa kumi na moja wakafungua madirisha," akasema, "wakaniita tena. Hicho kipaji, andika kwamba nilipewa."